Kitani Kisicho na Fundo

Nilikwenda kutafuta kitani tu. Nataka hilo lieleweke mapema, maana kila ninayemsimulia huniuliza nilikuwa nafuata nini kwenye nyumba ya marehemu wakati jua linazama. Kitani. Yadi nne za kitani cheupe, cha kushonea shumizi ya malkia, ile nguo ya ndani.

Mimi ni mshonaji, naitwa Nadine Kreider. Miaka kumi na tisa nimewashonea watu wa tamasha letu la kale, lile linaloanza kila Agosti kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya vilima vyetu hapa Pennsylvania. Kwa majuma kadhaa tunajifanya tunaishi Uingereza ya miaka mia nne iliyopita. Mhasibu anashika mkuki, muuguzi anauza samaki wa bandia, na wote tunakula paja la bata mzinga kwa mikono na kuitana watukufu. Ukitucheka hatununi. Ila kwenye nguo hatuna utani.

Mwaka ule binti yangu Josie alichaguliwa kuwa malkia. Alikuwa amegaragara matopeni miaka minne, akiigiza mfua nguo, kabla ya kupewa taji. Siku alipopigiwa simu alilia, nami nikalia. Nikaapa kwamba mwilini mwake hakutakuwa na uzi hata mmoja wa uongo.

Tena kulikuwa na Gwen Addleman, msimamizi wetu wa mavazi na rafiki yangu wa siku nyingi. Gwen haangalii nguo kwa nje. Anaigeuza ndani nje, anavaa miwani, anafuata mshono kwa kidole. Akiona alama ya cherehani anakurudisha matopeni, uwe malkia au nani.

Basi nikasikia kwamba vitu vya bibi mmoja, Arvilla Zook, vinauzwa. Alikuwa amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka tisini na sita, na ukoo wao zamani walikuwa wafumaji. Huku kwetu mzee akifariki, ndugu hufungua nyumba na watu huingia kujichagulia, kuanzia vijiko mpaka kitanda. Nilifika nimechelewa. Mpwa wa marehemu, mama mmoja mnene mwenye haraka, alikuwa anafunga maboksi barazani.

"Panda juu upesi," aliniambia. "Nazima taa sasa hivi."

Chumba cha juu kilikuwa na kitanda kitupu na kasha la mbao. Nikalifungua. Harufu ya sabuni ya magadi ikanipanda puani, na chini yake harufu nyingine... ya udongo mbichi, kama ile ya ghala la viazi.

Chini kabisa kulikuwa na shuka.

Nilijua kwa vidole kabla ya macho. Kitani cha kusokotwa kwa mkono, kilichofumwa nyumbani, kizito na laini. Vipande viwili vilikuwa vimeunganishwa katikati kwa mshono mdogo kama nyayo za chungu, na kwenye pembe zilitariziwa herufi mbili nyekundu, A na Z. Nikageuza nione fundo la mwisho wa uzi. Halikuwepo. Nikatafuta pembe zote nne. Shuka zima halikuwa na fundo hata moja. Nyuzi zilirudishwa tu ndani ya mshono zikaachwa.

Mtu mwenye kazi yangu alipaswa kujiuliza ni nguo gani inayoshonwa bila fundo. Mimi nilifurahia ufundi.

"Hilo lina mwenyewe."

Niliruka nusura nilitupe. Kwenye kiti cha dirishani alikaa bibi mmoja, mwembamba, amevaa gauni jipya la zambarau lenye vifungo vya lulu. Miguu yake ilikuwa mitupu. Nikadhani ni dada wa marehemu.

"Shikamoo, bibi. Samahani, sikukuona. Wanaviuza vyote, ndivyo nilivyoambiwa."

"Linamtosha mmoja," alisema. Alizungumza kwa kunong'ona, kana kwamba koo limekauka.

"Namshonea binti yangu."

Akalitazama shuka, kisha mimi.

"Anaumwa?"

"Hapana, ni mzima. Atakuwa malkia."

Bibi akaangalia miguu yake. "Mimi nasikia baridi," akasema.

Ningemfunika. Shuka lilikuwa mikononi mwangu, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri angemfunika. Lakini niliogopa atalishika asiachie. Hiyo ndiyo roho yangu ilivyokuwa siku ile, na sitaipamba. Nilishuka ngazi mbio nimelikumbatia.

"Mshukuru bibi wa juu," nilimwambia yule mpwa.

Akacheka. "Nitamwambia tukikutana!"

Sikuelewa alichochekea.

Nilikata shumizi usiku huohuo wa Ijumaa, na Jumapili nikaanza kushona. Nikatunga uzi, nikafunga fundo, nikavuta. Uzi ukapita wote. Nikafunga fundo kubwa zaidi. Ukapita. Mara ya tatu nilifunga mafundo mawili, moja juu ya jingine, nikayaangalia kwa macho yangu yakigusa kitani... na yakapita kama vile kitambaa ni maji.

Nikajiambia ni uzee wa vidole. Nikashona kama alivyoshona mwenyewe, bila fundo.

Gwen alikuja Jumatano kukagua. Aligeuza shumizi ndani nje, akavaa miwani, akafuata mshono. Akaurudia mshono uleule mara tatu.

"Shosti," alisema mwishowe, "nani kakufundisha hii?"

"Nimejifundisha tu."

"Mwongo mkubwa wewe. Miaka kumi na tisa unashona kama unafunga gunia la mahindi, leo unanitolea hii?"

Tukacheka. Mezani kilikuwa kimebaki kipande kimoja, ukubwa wa kiganja, nilichokikata kwenye kwapa la kushoto. Kwetu kipande cha kitani kizuri hakitupwi. Kinapelekwa kwenye kapu la hema la washonaji na kila mwenye shida anachukua. Gwen akakiokota.

"Nakipeleka kapuni," akasema, akakitia mfukoni mwa aproni yake. Sote tunajua kapu la Gwen liko mfukoni mwake.

Jioni Josie alijaribu shumizi. Nje joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Akajikunja.

"Mama, hii nguo ina baridi."

"Kitani kinapoza mwili, mwanangu. Ndiyo sifa yake."

"Si hivyo. Ni kama imetoka kuanikwa ndani ya kisima." Akanusa mkono. "Na inanuka viazi."

Nikamwambia malkia hawalalamiki. Akanitolea ulimi.

Sasa nieleze jambo la uzi, maana ndipo kosa lilipo.

Wanawake wa enzi zile walivalishwa, na mahali pengine nguo zao zilishonewa mwilini kila asubuhi, shingoni na mikononi, zikafumuliwa jioni. Sisi hufanya vivyo hivyo siku ya kufungua tamasha. Lakini nyanya yangu alinifundisha sharti moja. Mtu akishonewa nguo mwilini, lazima atafune uzi. Mwanzo mpaka mwisho wa mshono, uzi uwe mdomoni na meno yawe yanatembea. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini. Alinijibu bila kuinua macho.

"Maiti ndiye anayeshonewa akiwa ametulia."

Hema zima lilinicheka kwa sharti hilo, ila wote walitafuna. Sikuwahi kumruka hata mmoja.

Asubuhi ya ufunguzi tulichelewa. Kizibao kiligoma kufungika, kola ikapinda, tarumbeta ya kwanza ikalia wakati shingo ya shumizi bado iko wazi. Nikatunga sindano. Nikampa Josie uzi.

"Mama, siwezi! Nina hotuba nzima kichwani, nikitafuna nitaisahau!"

"Tafuna, Josie."

"Nadine!" Gwen alichungulia hemani, amevaa kofia yake mpya ya kitani yenye vikamba vya kufungia kidevuni. "Farasi wanasubiri, watu elfu tatu wanasubiri, wewe unampikia mtoto uzi! Shona!"

Josie alikuwa anarudia hotuba kwa sauti, macho juu. Nikasema moyoni kwamba midomo inatembea, inatosha.

Nikashona.

Pindo moja. Pindo la pili. Sindano iliingia bila kusukumwa. Nilipovuta uzi wa mwisho, Josie alikatika katikati ya neno. Nikasikia nzi hemani.

Kisha akamalizia neno lile, kwa sauti bapa. Akatoka nje bila kuniangalia.

Nilimfuata. Jua lilikuwa kali, askari wa mikuki wamelowa jasho mpaka viunoni. Josie alipandishwa jukwaani akaketi kwenye kiti cha enzi chini ya kitambaa chekundu. Hakuwa na tone la jasho. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko poda niliyompaka, na watu wakawa wanasifia.

"Angalia alivyojipaka! Kama sanamu!"

"Hata hapepesi macho!"

Ni kweli. Hakuwa anapepesa macho.

Alipaswa kusimama ahutubie. Hakusimama. Umati ukacheka, ukidhani ni mchezo. Mtu akapiga kelele, "Malkia amelala, mleteeni bia!" Nilikuwa pembeni ya jukwaa, hatua sita kutoka kwake, na nilikuwa naangalia kifua chake. Kifua cha mwanangu. Nilihesabu mpaka ishirini kabla hakijapanda.

Ndipo ile harufu ikaja. Udongo mbichi... ghala la viazi.

Mstari wa mbele, kati ya wauza samaki na mabinti wa maua, alisimama yule bibi wa gauni la zambarau. Miguu mitupu kwenye nyasi. Hakuna aliyemshangaa. Mahali ambapo kila mtu amevaa cha ajabu, nani atashangaa? Kijana mmoja mgeni akamwomba wapige picha pamoja, akamshika bega, kisha akautoa mkono haraka na kuufuta kwenye suruali.

Bibi akageuka kumwangalia. Nikaona mgongo wake.

Gauni halikuwa na mgongo. Lilikuwa limechanwa kwa mkasi kutoka shingoni mpaka upindoni, pande mbili zimeingizwa chini ya mwili kama shuka linavyochomekwa chini ya godoro. Ngozi ya mgongo ilikuwa ya kijivu. Alipozikwa mume wangu, niliwapeleka suti yake watu wa nyumba ya maiti, na mhudumu akaniomba radhi kwamba lazima aichane mgongoni. Huwezi kumvalisha mtu asiyeinua mikono bila kuichana.

Lakini nilikwenda. Mama yeyote angekwenda.

"Bibi Arvilla," nilinong'ona. "Mwachie mwanangu."

"Sijamshika," alinong'ona. "Umemshona wewe."

"Nitafumua. Nitakurudishia chote, leo hii, nitakileta mwenyewe."

"Chote?"

Nikakikumbuka kile kipande.

"Mama yangu alikifuma kiwe sanda yangu, na sanda haifungwi fundo," alisema. "Nilikiweka tangu siku ya harusi yangu. Niliwaambia miaka sitini, nizikeni na kitani changu. Wamenivika hii." Akashika kifungo kimoja cha lulu. "Ulipokata kimepungua."

"Kipande kidogo tu, bibi. Kama kiganja."

"Anacho nani?"

Nyuma yangu jukwaani kitu kizito kilianguka mbaoni. Umati ukaguta. Taji lilibingirika mpaka miguuni pangu. Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka nitamkuta mwanangu amekwisha kwenda.

"Anacho nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kipo nyumbani. Ningejitaja mwenyewe, hilo ndilo ninalolifikiria kila siku, kwamba ningesema ninacho mimi.

"Gwen," nilisema. "Gwen Addleman."

Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akapenya katikati ya watu taratibu, mgongo wake wazi, na watu wakampisha bila kujua wanampisha nani.

Nilipanda jukwaani kwa mikono na magoti. Nikaingiza mkasi mdogo kwenye shingo ya shumizi, nikakata uzi mmoja. Mmoja tu. Nguo nzima ikaachia. Mishono yote ikakimbia kwa mkupuo, kwapani, mikononi, ubavuni, vipande vikamwagika juu yake. Josie akavuta pumzi kwa nguvu, akikwaruza koo.

Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Mwili wake ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Akafungua macho. Sauti yake ilikuwa yake.

"Mama," alisema. "Kwa nini umemtaja anti Gwen?"

Daktari wa gari la wagonjwa alisema jua limemzidi. Kisha akampima joto mara ya pili, akakiangalia kipimo, akakirudisha mfukoni na hakusema tena habari ya jua.

Alasiri ileile niliunganisha vile vipande mpaka vikarudi kuwa shuka. Pembe ya kushoto ilibaki na tundu la ukubwa wa kiganja. Nilimpigia simu yule mpwa, nikamwambia ukweli kiasi. Akasema ndiyo, shangazi yao alikuwa akilizungumzia lile shuka kila Krismasi, nao waliona aibu kumzika bibi wa watu amefungwa kama furushi. Gauni la zambarau alilinunua yeye. Alikuja makaburini tukachimba pamoja kwa sepetu ya bustani, kabla giza halijaingia, tukalifukia juu yake. Hakuniuliza kwa nini linanuka udongo kabla ya kuingia udongoni.

Na Gwen?

Nilimfuata siku iliyofuata. Nilimuuliza kipande kiko wapi. Akajigonga kichwani. "Nimekitia ndani ya kofia, shosti. Kinakaa vizuri ajabu."

"Nirudishie, Gwen."

"Hii kofia nimeimaliza, siifumui hata ukinipigia magoti. Una nini wewe? Mgonjwa ni mwanao, umepauka wewe!"

Sikupiga magoti. Ningeweza kumnyang'anya, mimi ni mrefu kuliko yeye. Sikumnyang'anya. Nilikuwa nawaza hivi, na naandika kama nilivyowaza: ikiwa kipande kitarudi kaburini na hakuna anayekivaa, yule bibi atamtafuta nani kama si Josie? Nilimwangalia rafiki yangu wa miaka kumi na tisa akiondoka na kofia yake, nikanyamaza.

Josie alirudi kwenye kiti cha enzi juma lililofuata, kwa shumizi ya pamba ya dukani niliyoijaza mafundo kama nyavu. Aliongea na kila mtu. Nami hakuongea ila habari za chakula na petroli.

Jumamosi ya tatu Gwen aliingia hemani kwangu. Joto lilikuwa lilelile. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu, na alikuwa amejifunga shali mbili.

"Shosti, kikamba cha kofia kimekatika. Nishonee haraka, maandamano yanaanza."

"Vua kofia nikushonee mezani."

"Siivui. Nikiivua kichwa kinaganda." Akacheka kidogo. "Na nikiivaa kinaganda vilevile. Naona mafua ya kiangazi haya. Shona hapahapa kidevuni."

"Gwen, ivue. Tafadhali. Ichukue, itupe, nitakushonea nyingine kumi."

"Nadine, tarumbeta hiyo imelia. Shona!"

Nikachukua uzi mrefu, nikauviringisha, nikauweka mdomoni mwake kwa mkono wangu mwenyewe.

"Tafuna."

"Haya, mganga wetu," alisema, akaanza kutafuna kwa makusudi kama ng'ombe, akinitolea macho ili nicheke. Nikacheka kweli. Machozi yalinitoka kwa furaha. Anatafuna, niliwaza. Yu hai, na kila mwenye macho anamwona.

Josie alikuwa amesimama mlangoni na mavazi yake ya kimalkia. Hakucheka. Alikuwa anaangalia nyasi nyuma ya kiti cha Gwen, zilizokuwa zimelala bapa, sehemu mbili, kama chini ya nyayo. Harufu ya viazi ilikuwa imeshaingia hemani.

Nikatunga sindano. Nikafunga fundo. Juu yake nikafunga la pili, na la tatu, nikayabana kwa meno mpaka yakawa punje ngumu.

Nikachoma kitani. Nikavuta.

Uzi ukapita wote.